Siku Mama Kikaango Alipokaa Mezani

Ukitaka kumuudhi Mama Kikaango, mwambie kukaanga yai ni kazi ya mtu yeyote. Hatakujibu. Atakutazama kuanzia unyayoni mpaka utosini, kisha atakwenda zake, na tangu siku hiyo utakuwa mtu wa kusalimiwa kwa sababu ya adabu tu. Mwanamke huyu ameupikia mji huu kifungua kinywa maisha yake yote ya utu uzima. Mawakili, wauguzi wanaotoka zamu, madereva, walimu, wafagia barabara, maharusi walioamka hawajui wale nini, wote wamekula mkono wake. Wengi wao hawajawahi kuiona sura yake, kwa kuwa mpishi hukaa nyuma ya ukuta.

Jina la Kikaango hakulichagua. Alianza kama mwosha vyombo katika ule mgahawa mkubwa wa kona, wenye vioo virefu mbele na jiko lililofichwa nyuma kabisa. Asubuhi moja mpishi wa mayai aliteguka mkono, na wakati huo foleni imeshafika mlangoni, mwenye mgahawa anahaha huku na huku, kila mtu anamwuliza mwenzake tufanyeje. Yeye akajifuta mikono kwenye aproni, akashika kikaango, akaanza kuvunja mayai. Hakuomba ruhusa wala hakutoa hotuba. Mchana ulipoingia, hakuna aliyekumbuka tena kumrudisha kwenye vyombo, na mpishi yule alipopona alipelekwa upande wa mikate. Wenzake ndio waliompa jina, likamganda. Hata mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, akipiga simu kutoka huko aliko huanza na, "Kikaango, hamjambo huko?"

Sasa, jiko lile lilikuwa mbali na meza. Mhudumu akishachukua sahani ilibidi apite ukumbi mwembamba, akate kona, apande vidaraja, asukume mlango kwa kiuno, ndipo amfikie mteja. Na yai halina subira. Hata ukiliepua, linaendelea kuiva palepale kwenye sahani kwa joto lake lenyewe. Mama Kikaango aliligundua hilo mapema, akawa anaepua mayai ya kuvuruga yakiwa bado yanatetemeka, yana majimaji, kiasi kwamba mtu asiyejua angesema ni mabichi. "Safari itayamalizia," aliwaambia aliokuwa akiwafundisha. Na kweli, yalifika mezani laini na yameiva, watu wakawa wanavuka mji mzima kuyafuata. Aliujua ufundi wake huo na aliringa nao waziwazi. Hakuwa mtu wa kujikunyata akisifiwa.

Alipofikia kuwa mkuu wa jiko, aliweka pia sheria moja ambayo wapishi wapya waliiogopa kuliko kuungua. Mteja akirudisha sahani, hakuna kufokeana. Sahani inawekwa kwenye kidirisha cha kupitishia chakula, kazi zote zinasimama, na mkuu wa jiko anachukua uma, anaonja palepale, amesimama, mbele ya watu wote. Akishameza ndipo anasema kosa liko wapi na la nani. Siku moja mwenye mgahawa alikuja juu kumfokea mpishi kabla sahani haijaonjwa, Mama Kikaango akampa uma. "Onja kwanza, bosi," alimwambia, "halafu ufoke ukiwa na kitu tumboni." Yule bwana akaonja, akakuta chakula hakina tatizo lolote, akatoka kimyakimya. Hadithi hiyo ilisimuliwa jikoni mle miaka na miaka, na kila mwaka yule bwana akawa anaaibika zaidi kidogo.

Na siku yake ya mapumziko, mwanamke huyu aliyeshinda na mayai wiki nzima, unadhani alifanya nini? Alikwenda kula mayai. Alivaa gauni lake la kutokea, akamshika mkono bintiye, wakaenda kunywa chai mgahawa huu, na wiki iliyofuata mgahawa ule. Wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, alishindwa kabisa kulivumilia jambo hilo.

"Wifi, kwani kwako mayai yamegoma kuiva?"

"Ya kwangu nayajua. Nataka kujua ya wenzangu."

"Kwa mwendo huu tutakusikia umekwenda kununua maji ya kunawa."

"Yakiwa mazuri, nitakununulia na wewe."

Bintiye huyo ndiye Chiriku. Walimwita hivyo kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza, na kama alilala basi aliongea usingizini. Lakini kwenye matembezi hayo ya chai alikuwa anafunga mdomo na kufungua macho, maana mama yake alikuwa akimfundisha bila kusema kwamba anafundisha. Walikwenda kwenye mgahawa wa karibu na mahakama, ambako vikombe vilipashwa moto kabla ya kumiminiwa chai, na Mama Kikaango akasema hapa pana mtu mwenye akili. Wakaenda kwenye ule wenye meza barabarani, ambako kila basi likipita unakula na vumbi lake. Wakapanda mpaka juu ya jengo refu, mahali pa watu wa tai, mhudumu anaongea puani, na yai likaletwa peke yake katikati ya sahani pana kama sinia. "Maskini," alisema Mama Kikaango akilitazama, "limefiwa." Chiriku alicheka mpaka juisi ikamtoka puani, na watu wa tai wakageuka.

Chakula kikiwa kibaya, alikirudisha. Hakupandisha sauti wala hakukunja uso. Alimwita mhudumu na kumwambia, "Samahani, ndugu yangu, haya yamelala. Naomba mengine." Hapo Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, kula tu, watu wanatuangalia."

"Nikila kwa kumwonea huruma, kesho mpishi atampikia mwingine hivihivi. Hapo nitakuwa nimemsaidia nini?"

Mtoto akakua. Akasoma, akapata kazi ya mapokezi katika kampuni ya bima, kiti cha kuzunguka, kiyoyozi, maua ya plastiki mezani. Ukoo mzima ukashusha pumzi. Halafu siku moja, bila kuugua wala kugombana na mtu, akaacha kazi. Akapanga chumba chembamba kilichokuwa cha kinyozi, kati ya duka la dawa na duka la vitabu, akapaka kuta rangi ya maziwa, akaweka meza, akabomoa ukuta wa nyuma na kutengeneza kidirisha cha kupitishia chakula. Mlangoni akatundika kibao: Kwa Chiriku. Chai na kifungua kinywa, asubuhi mpaka adhuhuri.

"Mtu ana kiti kinachozunguka," wifi alilia kana kwamba amefiwa, "anakiacha aende akanuke vitunguu. Na mama yake anachekelea."

Alikuwa anachekelea kweli. Mama Kikaango alitembea mtaani siku zile kichwa juu, na ukikutana naye hukupona bila kuambiwa habari za rangi ya kuta. Wakati huo alikuwa ameshastaafu pale kwenye kona, mikono inamwasha kwa kukosa kazi. Alikuwa ameshafua aproni zake zote na kuzipiga pasi. Hakuna aliyemwambia atapika kwa Chiriku, lakini nani alihitaji kumwambia? Mtoto amefungua mgahawa, mama ni mpishi. Mambo mengine hayasemwi.

Basi jioni moja Chiriku akaja nyumbani, akaketi kwenye kigoda cha jikoni, akawa anazungusha kikombe mikononi bila kunywa. Mama yake akajua kuna neno. Chiriku akiwa kimya ni jambo la kutisha.

"Sema, mwanangu. Utapasuka."

"Mama, usinikasirikie. Siku ya kufungua nataka uje. Uje na Shangazi. Lakini ukae mezani, kama mteja. Jikoni usiingie."

Mama Kikaango aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata zamani.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimemwajiri Kimya, yule wa kule kona, awe mpishi. Ukiingia mle ndani Kimya atakutazama wewe. Wahudumu watakutazama wewe. Hata mimi nitakutazama wewe. Na kuanzia hapo hakuna atakayenisikia tena." Akaweka kikombe chini. "Na kitu kingine. Usije ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Chakula kikiwa kibaya, kirudishe."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Ulikuwa unawafanyia wapishi wa watu."

Iliuma. Tusidanganyane, iliuma sana, kama mtu kuambiwa abishe hodi kwenye mlango aliouchonga mwenyewe. Baada ya binti kuondoka alisugua sufuria ile mpaka mkono ukamchoka. Lakini alikuwa mtu wa jikoni, na alijua jiko haliwezi kuwa na vichwa viwili. Alimjua Kimya vilevile. Yeye ndiye aliyemfundisha kazi pale kwenye kona, akamfundisha kuepua mayai yakiwa yanatetemeka, akamfundisha kunyamaza, ingawa hilo la mwisho alikuja nalo mwenyewe. Kimya alimjua Chiriku tangu akivaa sare ya shule, akipitia mlango wa nyuma kuomba kipande cha mkate. Mpaka leo alimwita Chiriku, si dada wala bosi. Na mtaani watu walikuwa wameshaanza kusema, "Twende kwenye hoteli mpya ya Mama Kikaango." Kibao kinasema kwa Chiriku, midomo inasema kwa mama yake. Kama hilo lingezoeleka, binti angebaki karani tu kwenye mgahawa wake mwenyewe, na siku mama akichoka au akifa, mgahawa ungemfuata. Basi Mama Kikaango akapiga moyo konde. Akazikunja aproni, akazirudisha kabatini.

Asubuhi ya kufungua alivaa gauni la zambarau ambalo wifi alimshonea kwa ajili ya shughuli hiyo, maana wifi pamoja na maneno yake yote hakukubali ndugu yake atoke vibaya. Wakafika mapema, tayari pana foleni. Wakapewa meza ya ukutani, karibu na kidirisha, kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaweza kumwazima mpishi chumvi.

"Mama Kikaango, hongera kwa hoteli," alisema muuzaji wa duka la dawa akipita.

"Si yangu. Ni ya binti yangu."

"Ahaa, tumekuelewa," akajibu yule bwana, akamkonyeza. Hakuwa ameelewa kitu.

Kukaa kitako kulimshinda. Mteja wa meza ya jirani aliinua mkono kutafuta mhudumu, na kabla hajajijua Mama Kikaango alikuwa amenyanyuka nusu, anasema, "Naam, nakuja." Wifi akamvuta gauni.

"Kaa chini, wewe. Leo na wewe ni mtu."

Akakaa. Akawa anasikiliza. Alisikia vijiko, alisikia birika likipumua, alisikia uma ukipiga ukingo wa bakuli, na kwa mlio huo akajua ni mkono wa Kimya. Kupitia kidirisha Kimya naye akamwona. Uso wa mpishi huyo ukabadilika. Akasimama wima na mwiko mkononi, akainamisha kichwa kidogo, namna alivyokuwa akifanya zamani Mama Kikaango akiingia zamu. Mama Kikaango akajifanya hamnazo, akageukia kikombe chake. Chiriku alikuwa upande wa pili akimimina chai na kupokea wateja, kitambaa begani, jasho kwenye paji la uso, hamtazami mama yake hata kwa jicho la pembeni. Alikuwa amejikaza kisabuni, na mama yake alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Mimi ninavyoona," wifi alinong'ona, "bila wewe mle ndani, huyu mtoto hafiki mwisho wa mwezi."

"Kunywa chai, wifi."

Waliagiza mayai ya kuvuruga na mkate wa kuokwa na siagi. Mhudumu, mwanamke mchangamfu aliyehamia pale kutoka mgahawa mwingine, akapeleka habari kidirishani, na kwa furaha yake akaongeza neno moja ambalo hakutumwa.

"Mayai ya kuvuruga, meza ya ukutani. Ya Mama hayo."

 Kimya akaweka kikaango kidogo pembeni, peke yake, akavunja mayai kwa uangalifu wa mtu anayefanya mtihani.

Sahani ilipokuja, Mama Kikaango aliiona kabla haijagusa meza. Mayai yalikuwa yanatetemeka. Majimaji yalikuwa yanaanza kulowesha mkate. Akayajua mara moja, kama unavyomjua mtoto wako kwa mgongo. Yalikuwa mayai yake mwenyewe, ya mgahawa wa kona, yameepuliwa vilevile alivyofundisha, isipokuwa yamekosa ule ukumbi, ile kona na vile vidaraja vya kuyamalizia. Akatupa jicho kwenye meza ya jirani. Mayai ya yule mteja yalikuwa yameshikamana vizuri, makavu kiasi, yana chembe za pilipili manga. Akatazama meza nyingine, vilevile. Kumbe Chiriku alikuwa amelijua tatizo la chumba chake kifupi na ameshalitafutia dawa. Kimya alikuwa anapika kama alivyoelekezwa na mwenye mgahawa, kwa kila mtu. Isipokuwa kwa Mama. Kwa Mama alikuwa ameona si adabu kumpikia vingine.

Wifi alikodolea macho sahani, halafu jambo la ajabu likatokea. Mwanamke yule ambaye kwa wiki nzima alikuwa ametabiri maangamizi, akaweka mkono juu ya mkono wa mwenzake.

"Wifi, mabichi haya. Lakini kula tu, tafadhali. Usimwaibishe mtoto siku ya kwanza."

Mama Kikaango alichukua uma, akauweka chini. Angeweza kula, alikuwa amekula vibaya zaidi ya hivyo maishani. Lakini akila, kuanzia kesho mle jikoni patakuwa na mayai ya aina mbili, ya mwenye mgahawa na ya Mama. Na kila atakayejiita ndugu wa Mama atataka yale ya pili. Akirudisha, Kimya ataumia, ambaye hakukusudia ila heshima, na watu watasema hata mama yake mwenyewe amekikataa chakula chake. Na kama mtoto akitetereka pale, akalia, akamwita jikoni aje amwokoe, basi yote yatakuwa yamekwisha.  Hakuogopa hivyo hata asubuhi ile aliposhika kikaango cha watu bila ruhusa.

Akainua mkono.

"Samahani, dada. Naomba uyarudishe haya. Hayajaiva."

Mhudumu alimtazama akidhani ni utani. Alipoona si utani, akachukua sahani, akaipeleka kidirishani kama mtu anayebeba habari ya msiba. Maneno yakatembea mezani haraka kuliko chai. Muuzaji wa duka la dawa aliacha kutafuna. Jikoni vijiko vikanyamaza.

Chiriku akaweka birika chini. Akaja kidirishani, akaitazama sahani, akamtazama Kimya, bila kumtazama mama yake. Akachukua uma. Akaonja palepale, amesimama, watu wote wanamwona, akatafuna polepole mpaka akameza. 

"Nani ameagiza yapikwe hivi?" Chiriku aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza saa.

"Hakuna aliyeagiza," alisema Kimya. "Ni ya Mama. Nimempikia yale yake."

"Ya kule kona."

"Ndiyo."

"Kule yai lilikuwa na safari. Hapa kutoka kwako mpaka mezani halipati hata muda wa kukaa vizuri." Akaiweka sahani kando. "Kosa si lako peke yako, mimi nami sikusema, nilidhani linajulikana. Sasa nasema, na wote msikie. Hapa hakuna mayai ya Mama. Yupo mteja wa meza ya ukutani, amekuja kula ya hapa. Mpikie ya hapa."

Kimya hakusogea. Akageuza macho, taratibu, akamtazama Mama Kikaango, jinsi alivyokuwa amemtazama miaka yote akisubiri neno. Mhudumu naye akamtazama. Wifi akamtazama. Ukumbi mzima ulikuwa unasubiri mwanamke wa gauni la zambarau akubali kwa kichwa au akatae.

Mama Kikaango akashika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza, akawapa mgongo. Akawa anaangalia barabarani, watu wanapita, mama mmoja anakimbilia basi na kiatu mkononi. Hakugeuka. Nyuma yake akasikia sauti ya Kimya.

"Sawa, bosi."

Na yai likavunjwa kwenye ukingo wa bakuli.

Huko alikogeukia, machozi yalikuwa yanamshuka na hakufanya juhudi ya kuyaficha. Wifi aliyaona, akaelewa visivyo.

"Umemsikia alivyosema? Hapa hakuna mayai ya Mama. Mbele ya watu wote hawa. Na wewe umekaa tu."

"Nimemsikia, wifi."

"Na hujasema kitu."

"Niseme nini? Najizuia nisimwombe arudie."

 Wifi akatoa leso yake, ile nzuri ya pembe zilizodariziwa, akampa, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuongeza neno.

Sahani ya pili aliileta Chiriku mwenyewe. Aliiweka taratibu, akageuza upande wa mkate uwe mkono wa kulia.

"Samahani kwa kukuchelewesha, mteja."

"Hakuna shida, dada," akajibu mama yake. 

Chiriku akaondoka kwenda meza nyingine.

Mama Kikaango akala. Alikula kama mkaguzi, kwa kutafuta kosa, maana asingejisamehe kama angemsifu mtoto kwa upendeleo. Alitafuta kwenye chumvi, akakosa. Alitafuta kwenye siagi, akakosa. Mayai yalikuwa yameshikamana bila kukauka, moto bado umo ndani yake, pilipili manga inakuja mwishoni baada ya kumeza. Hayakuwa kama yake. Angeyapika vingine, na hapo kwenye chumba hicho angekosea. Alipolifikia wazo hilo aliacha kutafuna kidogo. Kisha akafurahi mpaka mabega yakamcheza, akaendelea kula, na kipande cha mwisho cha mkate akakizungushia sahani nzima mpaka ikang'aa.

Muuzaji wa duka la dawa alikuwa amemaliza chai yake na anajiandaa kutoka. Akasimama kwenye meza yao, akainama kidogo kwa heshima, mdomo bado una siagi.

"Mama Kikaango, nakuvulia kofia. Haya mayai si mchezo. Umewafundisha lini?"

Alijifuta mdomo kwanza, kwa raha zake, akakunja leso ya wifi, akaiweka juu ya meza. Alitaka maneno yake yasikike mpaka mlangoni, na akahakikisha yanasikika.

"Sikuwafundisha," alisema. "Hata mimi nimeyala leo kwa mara ya kwanza."